Raheli Ameuliza

Ibra, Oman, Jumatatu

Bado nazisikia ngo, ngo, ngo za Raheli ukutani. Ndivyo alivyokuwa akiniamsha daku tulipokuwa tukisoma London, vyumba vyetu vimepakana, Myahudi asiyefunga na sisi.

Sasa anasoma chuo cha dini yao, Amerika. Barua yake yasema wiki nzima ni vitabu, na Ijumaa jioni, Sabato yao ikiingia, anakula kwa watu asiowajua, anatabasamu tu. Aniuliza: astahamili au arudi kwao?

“Yule Myahudi wako wa daku?” Mama akacheka kwenye simu, kutoka Maskati. “Mwambie astahamili.”

“Amechoka, Mama.”

“Yeye au wewe?”

Mwaka wa pili huu nasomesha hapa, na kila Ijumaa nakaa kwa jamaa za marehemu Baba, natabasamu.

Leo asubuhi nimemtilia posta jibu: arudi. Kutoka hapo nikaenda skuli, nikaomba uhamisho wa Maskati.