Mwiko ya Papa mu kizine ya Madamu

Leo siku ya posho, kesho siku ya Mungu. Mvua ya kidogo-kidogo tangu asubui, ziwa haionekane. Siku kama hii, zamani, kizine ya Madamu ilikuwa na joto kupita nyumba zote za Goma. Nilikuwa mudogo, ninakaa karibu na moto, Papa anapika supu, kahawa inanuka mupaka kwa bustani.

Sasa moto haiwake tena.

Bwana alikufa, Madamu akarudi Ulaya, nyumba ikageuka musée. Batu banakuja kuangalia namna matajiri baliishi. Mimi ninafungua mulango na kupanguza mavumbi. Kusema na bageni, hapana. Kama banauliza kintu, ninaangalia chini.

Leo Papa alikuja. Nilimufungulia mulango kubwa ya mbele. Hakuiangalia hata. Alizunguka nyuma, akatoa biatu, akaingia kwa mulango ya kizine, sawa zamani.

Nilijua alikuja kutafuta nini. Mwiko yake. Alichonga yeye mwenyewe kule Masisi, mbele ya kuoa Mama. Sasa iko nyuma ya kamba, na karatasi kidogo pembeni.

"Baliandika nini?"

Nikasoma pole-pole. Mwiko ya Madamu.

Papa akacheka. "Ule Madamu? Hata chai yake hakukorogaka." Akapitisha mukono juu ya kamba, akaishika. "Ninarudi nayo. Mama yako anakoroga bugali na kipande ya mbao."

Kama kintu moja inapotea mu hii nyumba, kazi yangu imeisha. Lakini namna gani nitamukataza Papa kintu yake mwenyewe? Nikakimbilia salo, kule matajiri balikuwa banakaa, na kitambaa yangu, nikaanza kupanguza meza, kusudi nisijibu. Mukono ikagonga kengele ya Madamu, ile alikuwa anaitia Papa. Ikalia.

"Ndiyo, Madamu," Papa akasema kule kizine.

Nikaenda kuangalia. Alikuwa amesimama wima, kofia chini ya kwapa, anangojea bamutume. Tukaangaliana. Tukacheka mupaka machozi. Yake haikukauka mbio.

Halafu akapanguza mwiko na shati yake, akairudisha nyuma ya kamba.

"Ikae. Kwetu itaungua, tutaitupa. Hapa bataiona. Lakini utabaambia ni ya nani."

"Papa, mimi sijue kusema mbele ya batu."

"Na sasa unafanya nini? Mimi si mutu?"

Akavaa biatu, akaenda na mvua yake.

Kesho, nyuma ya misa, bageni batakuja. Nilisimama mbele ya kioo ya salo, nikajaribu na Kifaransa yangu ya kuvunjika: mwiko hii ni ya Papa yangu, alipika hapa. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka, kidogo, na nyumba yote ikaisikia.

Lakini kioo haina macho. Kesho, mbele ya macho ya batu, sauti itatoka?