Picha Niliyoisafisha Mno

Tassia, Embakasi,
Nairobi.
Ijumaa, 14 Machi 2025.

Mpendwa ndugu yangu Nyongesa,

Hujambo? Lorine na watoto wanaendeleaje? Kifua cha Mama kimetulia? Sisi huku tu wazima, ila jirani wa juu amefungulia muziki tangu asubuhi na kichwa kinaniwanga.

Nimempa Shiundu, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee mkononi, kwa sababu simu unanikatia kila nikianza habari ya picha. Barua utaisoma hadi mwisho, nakujua.

Uliponitumia ile picha ukiwa na ovaroli mbele ya mitambo ya maji, nililia kwa furaha. Mtoto wa kwetu ndiye anayewapa watu maji mji mzima! Nikaikuza hapa kwenye saiba yangu, hili duka langu la intaneti na uchapaji, nikaondoa ukungu, nikamchapia Mama nakala. Halafu, kwa kupenda sifa, nikaiweka kwenye ukurasa wa duka mtandaoni: kabla na baada. Nilijivunia kwamba hata kikaratasi kilichobandikwa ukutani nyuma ya bega lako kinasomeka. Sikujiuliza kimeandikwa nini.

Wiki jana Keynan, fundi wa kompyuta zangu, alinionyesha jukwaa moja la mtandaoni. Humo watu wasiojulikana wanajadili mitambo ya maji na umeme iliyo rahisi kuingiliwa, kwa utulivu kama watu wanaochagua nyanya.

"Madam, si huyu ni bro yako?" akaniuliza.

Ilikuwa ile picha yako, unatabasamu, na kile kikaratasi, kumbe cha namba za siri za kuingilia mitambo, kimezungushiwa duara jekundu. Mmoja alikuwa anauliza dawa ya maji huongezwa au hukatwa vipi kutoka mbali. Nilikupigia papo hapo.

Nimefuta picha yangu, lakini ya kwao siwezi. Nawe umebandua karatasi tu. Namba hujabadilisha, kwa sababu lazima mkuu wako aidhinishe, na atataka kujua kisa. Uliniambia, "Sista, hao wanapiga domo tu. Nikisema, kazi imeenda." Pengine ni domo kweli. Nimelifikiria sana hilo, na wengi wao naona hawana lolote. Ninayemwogopa ni yule anayesoma tu bila kuandika neno.

Kosa ni letu sote wawili. Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya mkuu wako, yenye sahihi yangu na namba ya kitambulisho. Nimeeleza nilichofanya. Mpelekee mwenyewe Jumatatu. Ukinyamaza, Jumatano nitafunga saiba nije nimwambie mimi, hata ukinichukia. Na wakikufukuza, njooni kwangu, tutabanana.

Jana nilimpigia Mama nikamwomba aitoe ile picha ukutani. Alikataa katakata. Ameibandika juu ya mfereji wa jikoni, na kila akikinga maji ya kunywa anakusalimu kwa jina.

Nisalimie Lorine, watoto na mjomba Otiende. Mungu akupe moyo wa kusema. Mama naye mwambie achemshe maji kwanza. Akiuliza kwa nini, utamjibu wewe.

Dada yako akupendaye, na aliyekuponza,
Asenath