Sentensi Niliyokuficha Siku ya Goti

Mpendwa Baba,

Ulipanda ngazi za ile kliniki ya katikati ya jiji ukiegemea bega langu, goti limevimba na kutoa usaha. Kwa miaka ishirini ulikuwa ukilipiga chini ukipanga vigae katika nyumba za watu Kitisuru na Spring Valley.

Daktari alizungumza Kiingereza, nami nikakutafsiria. Goti bandia halingewezekana penye usaha. Ama mguu ukatwe, ama mfupa wa paja uunganishwe na wa muundi, ubanwe kwa fremu ya vyuma kwa miezi mpaka iwe mfupa mmoja. Kisha akaniambia, "Mweleze halitakunjika tena."

Ulinigeukia. Uliniita Mama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yako.

"Mama, wakiniunganisha, nitapiga magoti tena?"

"Utapiga, Baba. Polepole tu."

Niliogopa ungekataa, usaha ukuue. Ukatia sahihi.

Fremu ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeshika vizuri. Daktari alifurahi. Wewe ulirudi kwetu Dagoretti Corner, ukawa unafunga kifundo cha mguu kwa leso ya mama yangu na kuuvuta nyuma kila asubuhi, jasho likikutoka. "Hii mguu inataka tu mazoezi," ulisema. Nilikutazama hivyo kwa wiki tatu. Siku mwenye nyumba mmoja wa Spring Valley alipopiga simu kuhusu bafu lake, nawe ukamwambia mwezi ujao utafika, nikashindwa kuvumilia. Nikakwambia halitakunjika tena.

"Daktari alijua?"

"Alijua."

"Na wewe?"

Ulifungua leso, ukaikunja, ukaniomba chai. Kesho yake ulimpa fundi jirani mwiko na pimamaji. Hukunigombeza hata mara moja. Hukuniita Mama tena pia. Uliniita kwa jina, kama mgeni, mpaka ugonjwa wa kifua ulipokuondoa miaka miwili baadaye.

Shangazi husema ulinisamehe. Hakuwepo. Wengine husema nilikuokoa, lakini neno hilo halinifariji usiku wala mchana. Huenda ungeikubali fremu ukijua kila kitu. Huenda ungechagua mguu ukatwe, au kurudi nyumbani ukafe na goti lako. Sijui, Baba, na hakuna tena wa kumuuliza.

Lala. Mimi bado sijui nikuombe nini.

Binti yako, aliyekuwa mdomo wako