Mlango wa Rangi ya Sombe

Kamina, Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wanaokula nawe chungu kimoja. Mguu wako umepona? Babu yangu, kambo, bado anakohoa asubuhi? Sisi huku kwa mjomba Banza ni wazima. Samaki uliowatuma walifika wakavu, hakuna hata mmoja aliyeharibika, na mke wa mjomba amekushukuru sana. Kwa kuwa simu yako ilizama mtoni, nakuandikia. Yule mama mwuza samaki anarudi Mulongo kesho, ataibeba barua hii. Mdogo wangu Umba akusomee polepole, asiruke mistari.

Shuleni naendelea vizuri, isipokuwa fizikia inanisumbua kidogo. Lakini leo nataka kukueleza habari ya mlango.

Unamkumbuka Mama Numbi, jirani wa mjomba, mjane wa yule fundi wa reli? Mume wake alimwachia motokari ya kijani ambayo aliipenda na kuiosha kama mtoto. Jana binti yao, yaya Monga, ambaye kwangu ni kama dada mkubwa, aliolewa. Tangu siku ya uchumba Mama Numbi alikuwa akisema kwamba binti yake atatoka nyumbani ndani ya motokari ya baba yake, kwa maana baba mwenyewe hayupo tena kumsindikiza. Basi mwezi uliopita mchuuzi mmoja wa makala ya kupikia alishindwa kuizuia baiskeli yake kwenye mteremko, na magunia yote yakauangukia mlango wa dereva. Mlango ukabonyea kama sufuria iliyokanyagwa.

Mama Numbi akaja kwa mjomba, ambaye ndiye anayepaka motokari rangi mtaani kwetu.

“Banza, sikia. Motokari ya bwana yangu hayiko suruali ya kutia kiraka. Kama bantu bataona rangi mbili, minyi naifunika na turubai, na mutoto atatoka na taxi.”

“Mama, habataona.”

“Bantu ba Kamina? Beye banaona hata kile hakiko!”

Kuunyoosha mlango hakukuwa shida. Shida ilikuwa rangi. Hapa sokoni kuna kijani cha milango ya nyumba na kijani cha baiskeli, lakini kijani kile hakuna. Chini ya boneti tulikuta kibati chenye namba ya rangi. Mjomba akasema namba hiyo inajua rangi ya siku motokari ilipozaliwa, haijui jua la Kamina. Akafanya kama wanavyofanya wapaka rangi wa hapa: alikifungua kile kifuniko kidogo kinachofunika tundu la mafuta, akakifunga ndani ya kitambaa, akampa mfanyakazi wa treni anayekwenda Lubumbashi. Huko kuna duka wanakochanganya rangi kwa kufuata mfano unaowapelekea.

Tulingoja. Wewe unazijua treni zetu. Kila ilipopiga honi, Mama Numbi alitoka nje na kutazama upande wa stesheni, hata ikiwa ni treni ya mizigo tu.

Rangi ilifika Alhamisi, ndoa ikiwa Jumamosi. Mjomba hapaki motokari kabla ya kupaka kwanza kipande cha bati. Anakipulizia, anakiacha kikauke, kwa sababu rangi mbichi hudanganya, halafu anakipeleka nje penye mwanga. Tulikiweka karibu na kifuniko: vilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Tukakiweka karibu na mlango wa nyuma wa upande uliobonyea, ambao rangi yake haikuguswa. Mama, vilikuwa kama watu wasiojuana.

Mjomba alikaa juu ya tairi, akashika kichwa.

“Ni kosa yangu,” alisema. “Kifuniko iko upande wa ukuta. Jua haifikake kule.”

Nikaelewa. Miaka yote motokari ile imelala kando ya nyumba, upande mmoja kwenye kivuli cha ukuta, upande mwingine ukipigwa na jua la alasiri. Tulituma kipande cha kivuli kwenda Lubumbashi, na Lubumbashi walitutengenezea kivuli. Na treni nyingine haikuwepo kabla ya ndoa.

“Ngoie, kuya hapa,” mjomba akaniita. “Weye macho yako haiyachoka. Hii rangi inakosa nini?”

Niliangalia bati, nikaangalia motokari, nikaona aibu kusema nililokuwa nikifikiri.

“Tonton, hii ya bati iko sombe mubichi. Ile ya motokari iko sombe yenye kutwangwa, haiyaingia bado ku moto.”

Mjomba akacheka mpaka akafuta macho. “Tunapaka motokari ao tunapika?” Halafu akashika tena bati, akaligeuza kwenye mwanga. “Njano,” akasema. “Inakosa njano.”

Mama, ni kinu chako ndicho nilichokiona pale. Ni mara ngapi uliniambia niache kutwanga majani ya muhogo yanapoanza kugeuka rangi?

Rangi ya njano ya nyumba haikufaa. Mjomba anasema ukichanganya rangi zisizo za ukoo mmoja, zinakunjamana kama ngozi ya maziwa. Njano ya motokari alikuwa nayo mtu mmoja tu, Kasongo, mpaka rangi wa karibu na stesheni, ambaye mjomba hapatani naye tangu zamani. Tulikwenda wote wawili kwa baiskeli. Kasongo alipotuona alitupa kitambaa chake begani.

“Ee, Banza! Si ulisema minyi najua kupaka tu baiskeli? Leo mukubwa anakuya kuomba kwa mutu wa baiskeli?”

“Kasongo, tukana, nitasikia yote. Lakini ni motokari ya marehemu. Mutoto wake anaolewa Samedi.”

Kasongo hakutukana tena. Alikuwa anamjua marehemu. Alitujazia njano kopo tupu la nyanya, akasema naye atakuja Jumamosi kuona kama tumeiharibu.

Ijumaa mjomba alitia njano kidogo kidogo, bati baada ya bati, mimi nikikimbia nalo nje na kurudi. “Bado, tonton.” “Bado.” Mpaka bati moja likapotea machoni nilipoliweka juu ya mlango wa nyuma. Hapo akapaka. Hakukata rangi ukingoni mwa mlango. Aliiacha ififie mpaka kwenye ubavu wa mbele wa motokari, ili jicho lisipate mahali pa kusimama.

Jana asubuhi Mama Numbi alikuja amevaa kitenge kipya. Hakusalimu mtu. Aliizunguka motokari polepole, akainama, akaitazama kwa jicho la pembeni. Kasongo alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma. Mwishowe Mama Numbi akaweka kiganja chake juu ya mlango wa nyuma, ule ambao haukupakwa kabisa.

“Ni huu njo mulitengeneza,” alisema. “Minyi naona. Lakini muliuweza, Banza. Mulete mutoto.”

Mjomba alinitazama. Kasongo alianza kukohoa, akageuka upande wa ukuta. Hatukumsahihisha, na yaya Monga akatoka nyumbani ndani ya motokari ya baba yake, mama yake kando yake akilia na kucheka.

Waliporudi kutoka kanisani motokari yote ilikuwa nyekundu kwa vumbi, na mjomba akasema tungeliachia vumbi kazi hiyo tangu mwanzo.

Msalimu kambo mlinzi wa nyumba, katekista wetu aliyenifundisha kuandika, shangazi wa kivukoni, na Umba msomaji wako. Mwambie fizikia nitaiweza, kwa maana mjomba ameniambia kwamba hata mwanga na rangi ni mambo ya fizikia, na kwamba likizo nitamsaidia tena ukiruhusu. Lakini kwanza nitakuja nyumbani. Utwange sombe, nami nitasimama kando ya kinu, nikuonyeshe ilipofika rangi ya mlango ule.

Binti yako anayekukumbuka,
Ngoie