Mswaki Niliomnyang'anya Mke wa Mwanangu

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada, ingawa kuomba si kawaida yangu, waulize majirani wa jengo letu watakwambia Bibi Rao ndiye anayeombwa. Mwanangu Weiquan ameoa msichana wa mjini, Peishan, mhasibu, si mtoto mbaya, sitamsingizia, na sasa amenizalia mjukuu wa kike na yuko kwenye mwezi wake wa uzazi, ule wa kukaa ndani baada ya kujifungua, nami nimehamia kwao kumtunza kama inavyotakiwa: madirisha yamefungwa, kichwa kimefungwa kitambaa, hashiki maji baridi, haoshi nywele, hali matunda, hapigi mswaki, na usiku na mchana ananywa supu ya kuku wangu niliowafuga mwenyewe, kwa tangawizi na pombe ya mchele, na mayai ya sukari guru juu yake, kwa sababu maziwa hayatoki hewani.

Tatizo ni fizi. Zilianza kutoka damu akiwa mjamzito, akipiga mswaki anatema povu jekundu, nikamwambia huo ni moto wa mwili, nikamchemshia chai ya maua ya manjano, nikamwambia apunguze mswaki, maana ni kidonda gani kinachopona kwa kusuguliwa? Alipojifungua nikauchukua mswaki wenyewe nikauficha, kwa kuwa maji na mswaki katika mwezi huu hulegeza meno. Na usidhani nasema ya kusikia. Mimi nilipomzaa Weiquan mama mkwe wangu alikuwa ameshafariki, nguo za mtoto nilifua mwenyewe mtoni wakati wa baridi, na kabla mtoto hajaanza shule meno yangu ya nyuma yalikuwa yanacheza, leo natafunia upande mmoja. Hakuna aliyenikataza. Nilikosa mtu wa kunikataza, mshauri, ndiyo maana nakataza.

Sasa fizi zake zimevimba, zimekuwa rangi ya zambarau, asubuhi foronya ina madoa ya damu, na mdomo, nisamehe, unanuka. Juzi nikasikia bomba bafuni, nikasukuma mlango, nikamkuta amejizungushia kitambaa cha mtoto kidoleni anajisugua meno huku analia.

"Unataka kuwa kibogoyo kama mimi?" nikamwambia.

"Mama, kibogoyo nitakuwa kwa mkono wako! Mdomo unaniozea na wewe unaniongezea sukari!"

"Sukari hiyo ndiyo maziwa ya mwanao."

"Basi mnyonyeshe wewe!"

Weiquan alikuwa barazani na sigara yake. Nikamwita, "Wewe, huna ulimi? Sema kitu!" Akasema, "Mama, nikisema leo nitalala wapi?" Mtazame mwanamume niliyemzaa!

Peishan akampigia mama yake, simu akaiweka kwenye spika makusudi nisikie. Yule mama ni mwalimu mstaafu, huongea taratibu, na kila neno linachoma. Akasema, "Jumapili nakuja na gari kwenye karamu ya mtoto kutimiza mwezi. Nikikuta mdomo wako uko hivyo nakuchukua wewe na mtoto, na bibi yake abaki na kuku wake." Mshauri, mayai mekundu ya karamu nimeshaagiza, ukoo mzima unakuja, halafu mjukuu wangu anyanyuliwe mbele yao kama mzigo uliosahauliwa? Tangu siku hiyo Peishan hanisemeshi, anakula ameelekea ukutani, na mimi nikimbeba mtoto namkaza kuliko inavyofaa.

Naandika kwa mkono wangu, shule sikufika mbali. Mwandikie Peishan gazetini kwamba mama mkwe wake anajua anachofanya. Na kama sijui, niambie usoni, usinizungushe kama wauza dawa wa sokoni.

Bibi Rao, Meizhou

*

Bibi Rao,

Umetaka usoni: hujui unachofanya. Usilikunje gazeti, soma mpaka mwisho.

Mswaki haukuleta ile damu. Ujauzito hufanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, na pale jino linapokutana na fizi hujengeka utando laini uliojaa vijidudu. Usipoondolewa kila siku, fizi huvimba na kutoka damu. Ukiachwa zaidi unakuwa mgumu kama ukoko wa ndani ya birika, na hapo hata mswaki hauutoi. Fizi za Peishan zilikuwa zinalia kwamba hazijasafishwa vya kutosha, wewe ukaona damu ukamnyang'anya kifaa cha kusafishia, kisha ukawalisha vijidudu hao sukari guru usiku na mchana. Moto wa mwili haumo hapo. Chai yako ya maua haina ubaya, ila haitaondoa huo utando.

Na meno yako, bibi, hayakung'olewa na maji ya mto. Karibu nina hakika ni ugonjwa huuhuu, uliokula taratibu mfupa unaoshika meno, na hapakuwa na mtu wa kukuambia. Uliachwa peke yako na mtoto mchanga kwenye baridi, na hilo linaniuma. Lakini deni hilo si la Peishan.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujawasha jiko, mpe mswaki, tena mpya wenye nywele laini. Unaogopa baridi? Chemsha maji uyaache yawe vuguvugu. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi, polepole, nywele zikiinamia kwenye fizi, si kukwangua kama masufuria yako. Katikati ya meno apitishe uzi wa meno. Damu itatoka siku za mwanzo na wewe utanyamaza, maana akisafisha vizuri itapungua wiki hadi wiki. Maji ya chumvi ya vuguvugu asukutue, yanatuliza, lakini si badala ya mswaki. Kuku endelea kupika, sukari punguza, pombe iondoe kabisa kwa sababu ananyonyesha. Na yale mabalungi tunayojivunia Meizhou nzima, mmenyee ale. Fizi zinayahitaji.

Fizi za zambarau, harufu, damu kwenye foronya: hayo si ya kungojea karamu. Aende kwa daktari wa meno wiki hii, akwanguliwe ule ukoko, na aseme kwamba ananyonyesha ili achaguliwe dawa inayofaa. Akipata homa, uso ukivimba, au akiona damu puani na michubuko asiyojua imetoka wapi, ni hospitali siku hiyohiyo, maana mara nyingine fizi hutangaza ugonjwa wa damu. Weiquan ndiye atakayempeleka. Azime hiyo sigara kwanza, inaharibu fizi za mvutaji huku inaficha damu ambayo ingemwonya, na yeye anajificha nyuma yake. Nawe ingia kwenye kiti cha daktari baada ya Peishan. Meno machache uliyobaki nayo bado yanaokoleka.

Kuhusu Jumapili. Fizi haziponi kwa siku chache, kwa hiyo yule mama atazikuta bado zimevimba. Usikimbilie jikoni. Mpokee mlangoni, na kabla hajafungua kinywa mwambie: "Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikosea. Tumeshakwenda kwa daktari." Ndiyo, mbele ya ukoo mzima. Walioalikwa kuja kukusifu wasikie na hilo. Kisha mwache Peishan achague mwenyewe mahali atakapolala. Akichagua gari la mama yake, mfungashie kuku wa safari, mpe mtoto mikononi, usimkaze.

Siwezi kukuahidi kwamba atabaki. Lakini akienda, atakuwa ametoka kwenye nyumba anayoweza kurudi.