Kifungu cha Ishirini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mshauri wa Wanafunzi mpya ana wiki ya tatu ofisini, na ameshafanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya. Ameusoma Mwongozo wa Mwenendo wa Wanafunzi. Wote, mwanzo mwisho. Wenzake waliutumia kuzuia mlango usijifunge. Huyu ameuvalisha plastiki.

Saa nne kaja mkuu wa ulinzi na fomu ya makosa. Hana kalamu, kama kawaida. Walinzi wote wa chuo hiki huandika kwa kalamu yangu, nami hukaa nikiyasoma maandishi yao kichwa chini miguu juu. Msichana wa mwaka wa tatu, idara ya hesabu, kakutwa amelala kwenye nyasi mbele ya maktaba. Mara ya tatu. Kifungu cha 27: Mwanafunzi hataonekana amelala mahali pa wazi wakati jua linawaka. Makosa matatu ya kifungu kimoja – mwaka mzima nje ya chuo.

Huyu safari hii hachomoki, kasema mkuu wa ulinzi, akaondoka na kalamu. Nikamwita, akairudisha.

Chai yangu ikapoa. Kifungu cha 27 hakikutungwa na baraza la chuo. Nilikitunga mimi.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ilivyokuwa, maana humu hakuna wa kunisahihisha.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, mwaka wangu wa tisa wa ukarani chuoni hapa. Nachapa Mwongozo kwenye karatasi ya stensili. Vifungu vikaishia cha 26, na chini ya ukurasa ikabaki nafasi ya mistari miwili. Bwana wa kiwandani, yule aliyekuwa akituchapia vitabu, alikuwa na msemo wake kwamba nafasi tupu inafanya kazi ionekane imeachwa njiani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Feni inazunguka polepole, kama inafikiria jambo jingine. Nikatazama dirishani. Wanafunzi saba au wanane wamelala kwenye nyasi za maktaba, vitabu vimewafunika nyuso, viatu kando, mti wa pale unawadondoshea maua ya zambarau, moja, halafu jingine. Hakuna aliyekuwa na haraka, hata mti.

Vidole vikaandika vyenyewe. Mistari miwili kamili.

Kikapita kwa bosi. Kikapita kiwandani. Kila toleo jipya linanakiliwa kutoka la zamani, kwa hiyo kikapita kila mwaka. Na miaka yote hiyo hakikumgusa mtu. Kililala tu.

Alhamisi, 6 Machi

Msichana amekuja kuchukua barua ya wito. Nilitegemea mtu mzembe. Kumbe ni mdogo wa umbo, mkoba mkubwa, na hakutaka kukaa – akasema akikaa kwenye kiti laini hatajibu maswali yangu.

Nikamuuliza, mwanangu, kwani hosteli huna kitanda?

Ninacho nusu, akasema. Chumba cha wanne wanakaa saba. Kitanda wanagawana wawili, na huyo mwenzake usingizini anapiga mateke kama anaendesha baiskeli. "Mlima, mzee. Anapanda mlima."

Nikacheka. Naye akacheka, halafu akasema kwenye nyasi ni tofauti. Anaweka kichwa chini na swali lililomshinda, hesabu zinamjia zenyewe, zinajipanga. Akiamka jibu analo. Mara ya kwanza mlinzi alimwamsha mstari mmoja kabla ya jibu. Hajalipata mpaka leo.

Akasaini. Akakisoma kifungu mara mbili, taratibu.

"Mzee, aliyeandika hii, yeye hakuwahi kuchoka?"

Nikasema simfahamu. Sauti ilitoka ya kiofisi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati ya nidhamu imekaa. Watu watano, mimi wa sita naandika muhtasari.

Mwenyekiti ni profesa wa sheria, mtu wa kusafisha miwani kabla ya kila sentensi. Akakisoma kifungu kwa sauti. Akasema wazee walioandika haya walikuwa na upeo – sikilizeni hayo maneno, wakati jua linawaka, yana mizani. Wengine wakaitikia. Ikanibidi niyaandike. Nimejisifu kwa mwandiko wangu mwenyewe, tena kwa amri.

Mwakilishi wa wanafunzi akauliza, je, kukiwa na mawingu? Wakabishana kuhusu mawingu robo saa nzima. Mshauri wa Wanafunzi akasema nyuma ya mawingu jua linawaka vilevile. Hilo nalo nimeliandika.

Msichana alikaa wima mwisho wa meza. Mara moja kope zikaanza kushuka. Nikaangusha faili, akashtuka. Kwa makusudi, ndiyo.

Wote wanaelekea mwaka mzima. Na ufadhili haumsubiri mtu, anapewa aliye nyuma yake kwenye orodha. Akitoka hatarudi. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Yeye alilisema kimoyomoyo, nilimwona.

Kabla hawajasaini, mwenyekiti akasafisha miwani. Ametaka muhtasari wa kikao cha baraza kilichokipitisha kifungu, uambatane na faili, msichana asije akakata rufaa wakaumbuka. Karani atuletee Jumatano, saa nane mchana.

Nikaandika: Karani ataleta.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anashona kifungo cha shati langu la kazi. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Halafu akaacha kucheka.

Umebakiza miezi minane ustaafu, akasema. Umekula chumvi yote hiyo, uje uumbuliwe na mistari miwili? Waambie faili limeliwa na mchwa.

Nikasema hilo nimelifikiria. Nikisema limepotea watautegemea Mwongozo wenyewe, watasaini, mtoto wa watu anakwenda.

Akavuta uzi. Akauliza kwa nini nilikiandika.

"Nafasi ilikuwa tupu."

Akanitazama. "Hayo ya ofisini kayaseme ofisini, mzee wangu. Mimi nipe ya kweli."

Basi nikampa. Niliwaonea wivu. Mimi shule iliishia darasa la saba. Nilichonacho nimekiokota kwenye kazi za watu, tasnifu baada ya tasnifu, nikizichapa usiku na mchana. Najua figo ya ng'ombe inavyochuja. Najua mkataba unavyovunjwa. Najua nyota inachukua muda gani kufa. Lakini sijawahi kulala kwenye zile nyasi mchana kweupe, kitabu usoni, bila wa kuniuliza.

Akakata uzi kwa meno. Akanipa shati nijaribu.

Jumatatu, 10 Machi

Mashine ya zamani ya kuchapa bado iko stoo, chini ya mapazia yaliyotolewa ukumbini. Na karatasi za miaka ile, zimegeuka rangi ya chai. Nimefunga mlango nikachapa. Muhtasari wa kikao cha baraza, wajumbe kumi na wawili, agenda ya sita, kifungu cha 27 kimepitishwa bila kupingwa. Hata kosa la tahajia nimeweka, maana mihtasari ya kweli huwa nayo.

Ni mzuri. Profesa hatashuku kitu, na mimi nitastaafu kwa keki.

Nikatoka na wino vidoleni. Nje, yule msichana anazunguka nyasi za maktaba, daftari mkononi. Hazikanyagi. Anazunguka pembeni tu, ili asilale, midomo inacheza na namba. Akifika chini ya mti anapunguza mwendo. Halafu anajivuta tena.

Nilisimama pale hadi mizunguko kumi na tisa.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika na karatasi nyingine, kwa mkono: nani alikitunga kifungu, na kwa nini. Mistari mitano, na sahihi yangu.

Bahasha mbili kwenye droo, zinafanana. Feni imekufa. Kimya kama ndani ya maji.

Jumatano, 12 Machi

Shajara nimeiacha nyumbani, nitaibandika karatasi hii baadaye. Naandika nyuma ya ule muhtasari niliouchapa stoo, ukurasa wa agenda ya sita. Karatasi za zamani zinapokea wino vizuri.

Saa nane na robo. Bahasha nimeiweka mbele ya mwenyekiti, nikasema nina udhuru kidogo, nikashuka ngazi. Sikumtazama msichana. Nikavua viatu.

Nyasi zinachoma kidogo shingoni, hilo sikulitegemea. Ua moja limenidondokea kifuani, naliacha. Ukilala hivi maktaba inaonekana inaelea, na mawingu ndiyo yamesimama. Kumbe ndiyo hii. Usingizi haujaja bado, lakini upo karibu, nausikia.

Dirisha la chumba cha kamati limefunguka. Profesa amesimama pale, miwani mkono mmoja, karatasi yangu mkono mwingine. Nyuma yake kuna mkoba mkubwa umesimama.

Mkuu wa ulinzi amekuja. Kauliza, mzee, unaumwa?

Nimesema hapana, nimelala, na jua linawaka. Ajaze fomu.

Akakuna kichwa. Kifungu kinasema mwanafunzi, mzee.

Nimemwambia basi aandike mwanafunzi, mwaka wa thelathini na moja.

Anajipapasa mifuko. Hana kalamu. Anaomba hii ya