Akina Mirza Saba wa Kasoli

Kasoli, Bariadi

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Mguu umeacha kuvimba? Niambie ukweli, usimwache dada aandike "mama hajambo" wakati hulali kwa maumivu. Yule mbuzi uliyesema anakaribia kuzaa, kazaa wangapi? Na paa la jikoni, kaka amelifunika au bado anasema kesho? Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako ana miezi minne sasa, ananyonya mpaka ananiuma. Huko kwako Sengerema kungekuwa karibu ungemwona anavyocheka na ukuta.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na kinyaa. Kila nikishika kalamu naiweka chini, kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji. Leo najilazimisha, maana jambo lenyewe linamhusu marehemu baba.

Unajua siku hizi ushirika haununui pamba peke yake. Serikali imeruhusu watu binafsi, na msimu huu Kasoli imekuja kampuni mpya yenye meneja anayeitwa Mirza. Mkweo Masunga alipata kibarua hapo ghalani, kupakia pamba kwenye lori. Basi karani wa kampuni, mtu mwenye mdomo mwepesi, akawa anawaambia wazee: "Mirza si jina la hivi hivi. Huko Uajemi waliitwa hivyo wana wa wafalme, na wasomi wakubwa, na viongozi wa dini. Meneja ni wa damu hiyo." Akasema meneja anapenda sana kupata wajina.

Hapo mayu, kijiji kiliingia wazimu. Watoto sita wa kiume wakapewa jina la Mirza mwezi mmoja. Baba mkwe akarudi nyumbani anatembea kama yeye ndiye mfalme.

"Mjukuu wangu ni Mirza," akasema kabla hajakaa.

"Baba, si tulikubaliana Mabula? Baba yangu hana hata mwaka kaburini."

"Mabula wako wangapi hapa? Ukiita Mabula wanaitika kumi na ng'ombe mmoja. Mimi naleta mwana wa mfalme nyumbani, wewe unaleta Mabula, yaani mvua!"

Masunga akatoka nje. Nami nikakubali, na hilo najilaumu. Tena nisikufiche, kidogo nilifurahi. Nilifikiri labda mtoto mwenye jina la wasomi atapita darasa la saba lililonishinda mimi kulivuka.

Siku ya soko la pamba tukaitwa ghalani, akina mama saba na watoto wetu, meneja aje awaone wajina wake. Nilimwogesha mtoto, nikampaka mafuta, nikamvika kofia uliyonitumia. Tukapangwa mstari mbele ya watu wote walioleta pamba. Meneja alikaa kwenye kiti anatafuna karanga, maganda anayatupa chini kwenye miguu yetu. Hakusalimia. Alimgusa wa kwanza shavuni kwa kidole kimoja, kisha akatoa leso akafuta kile kidole.

Halafu akasema, "Karani, wapime."

Nilidhani ni utani. Kumbe! Wakawa wanamchukua mtoto, wanamfunga kwenye shuka la kubebea pamba, wanamtundika kwenye ndoano ya mzani. Mtoto wa watu ananing'inia pale, watu wanashangilia, na karani anapaza sauti kutaja kilo na daraja kama anavyofanya kwa wakulima. Kwa yule mtoto mnene wa mke wa mwenyekiti, karani akasema, "Daraja la kwanza!" Bibi mmoja akapiga vigelegele. Vigelegele, mayu!

Wangu alikuwa na vipele vya joto shingoni. Alipotundikwa akalia mpaka sauti ikakatika, akajikojolea, mkojo ukapita kwenye shuka. Karani akaruka nyuma, akapiga kelele:

"Fifi!"

Wewe unajua fifi ni nini, umelima pamba maisha yako yote. Ile chafu, yenye madoa, tunayoitenga pembeni. Ghala zima likacheka. Meneja alicheka mpaka karanga zikampalia. Nikatazama upande wa lori, nikamwona Masunga. Na yeye alikuwa anacheka.

Sikumbuki nilivyofika kwenye mzani. Nakumbuka nilimtoa mwanangu mwenyewe, na karani anasema, "Taratibu mama Mirza, utavunja mali ya kampuni." Meneja akamwonyeshea kidole yule mtoto mnene: "Huyu ndiye wajina wangu. Hawa wengine wasindikizaji." Tukapewa kila mmoja kipande cha sabuni. Changu nilikitupa chooni. Heri mwanangu anuke.

Nyumbani nikamuuliza Masunga alichekea nini. Akasema, "Ulitaka nifanye nini? Bosi anacheka, mimi ninune?" Nikaacha kusema naye. Chakula nilimwekea, maneno sikumpa.

Ubatizo ulikuwa Jumapili iliyofuata. Nikaenda Bariadi mjini kumshoneshea mtoto gauni jeupe, kwa mzee mmoja anayeshona barazani kwenye duka la vitambaa. Wote tunamwita Fundi. Akauliza, "Pindoni nitarizi jina gani?"

"Mirza," nikasema, kama mtu anayetema dawa.

Mguu wake ukasimama kwenye cherehani. "Mbona unalitema hivyo, mama?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Mimi pia ni Mirza. Babu yangu alikuja nalo kutoka ng'ambo."

Nilitamani ardhi inifunike. Lakini hakukasirika. Nikamuuliza kama ni kweli jina hilo ni la wafalme na masheikh. Akasema ni kweli. Wapo wana wa wafalme walioitwa hivyo wakasoma nyota na kujenga shule, na wapo waliogombania kiti mpaka ndugu akamtoboa ndugu macho. Wapo masheikh waliolisha maskini, na wapo waliokula sadaka za maskini. "Babu yangu alikuwa mwandishi tu," akasema. "Anaandikia watu barua, wale wasiojua kusoma. Naye walimwita Mirza."

"Kwa hiyo huyu meneja ni Mirza kweli?"

"Kweli kabisa, mama. Ndiyo maana naona haya."

Akaomba ampakate mtoto. Alimshika kwa mikono miwili, vipele na yote, mtoto akaukamata utepe wake wa kupimia akautia mdomoni. Fundi akamwachia autafune. Kidogo moyo wangu ulilegea, nikataka kumwachia mtoto hilo jina kwa heshima ya mzee huyu. Lakini nikilitamka nasikia lile ghala linacheka. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Basi usijilazimishe. Baba yako aliitwa nani?" Akatarizi Mabula, kwa uzi wa buluu.

Jumapili nilimfunika mtoto kwa kitenge mpaka mbele ya padre. Padre akasema, "Jina la ubatizo ni Yosefu. Na la nyumbani?"

Baba mkwe akaitika toka benchini, "Mirza!"

Nikasema, "Mabula, padre," nikakifunua kitenge.

Watu wakanyoosha shingo wasome jina pindoni. Karani naye alikuwemo, amekaa nyuma na viatu vyake vinavyong'aa. Masunga alimwona, maana aligeuka akamtazama. Padre akamuuliza, "Baba wa mtoto, niandike lipi?"

Mayu, Masunga akatazama chini kwanza. Halafu akasema, "Andika Mabula. Mama yake ndiye aliyemtoa kwenye mzani. Mimi nilikuwepo, sikumtoa."

Jumatatu akaambiwa ghalani hakuna kazi tena. Sasa tunavuna mpunga wa watu, mgongo unauma, lakini naongea naye. Baba mkwe anakula kwa mwanawe mkubwa, na akimwita mjukuu anasema "wewe" tu, hajaamua jina lipi. Wale akina Mirza sita wengine wapo, wanakua. Hawana kosa. Ila nikipita pale ghalani bado natema mate, na sitaki kuacha.

Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka mikeka, kaka mkubwa na mkewe, dada anayekusomea barua hii (dada, usiruke maneno), na jirani yetu mama wa mapacha. Mwambie mjomba mvuvi kwamba dagaa wake walifika, namshukuru, wabeja sana.

Nina ombi moja tu. Mguu ukipata nafuu, nenda pale alipolala baba umwambie kwa mdomo wako kwamba Kasoli yupo Mabula, anacheka na ukuta, na kitabu cha kanisa kimemwandika. Habari za mzani usimwambie.

Mwanao,
Minza